Mashua yetu inavuja usiku tukiwa nangani, mchana tukisafiri haivuji. Wenye ujuzi njooni

#1 Mkunazi (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni.

Mimi na mke wangu tuna mashua ya futi 22, mbao zake mwembe, mataruma (mbavu za ndani) mtondoo, tanga moja na mashine ya nyuma ya hosi pawa 15. Tuliinunua Kigombe kwa mzee aliyekuwa akivulia nguru. Mwezi Machi, kaskazi ikiwa inaishaisha, tuliondoka Tanga tukashuka taratibu: Tongoni, Kigombe, tukapitiliza hadi fungu la Maziwe, kisha tukaingia mto Pangani, halafu tukapanda kurudi nyumbani. Hatukuwa na abiria wala baharia wa kukodi. Tulipika humo, tukalala humo, tukaoga kwa kopo humo. Niseme wazi, sijapata mapumziko kama yale tangu tuoane, na mwenye mwenza na chombo kidogo ajaribu.

Sasa kuna jambo limenishinda. Mchana tunakwenda na tanga, maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini kabisa ndani ya chombo, ni kopo chache tu. Usiku tunatia nanga, tunalala, tukiamka alfajiri maji yamefika kwenye mbao za sakafu na mkeka umelowa. Ilitokea Kigombe, ikatokea Maziwe. Tulipoingia mtoni Pangani, hata tone. Tulipotoka mtoni tukalala tena Kigombe, ikavuja kidogo. Tulipofika Tanga ikarudia mchezo wake.

Kwa akili yangu chombo kingevuja zaidi kikiwa safarini, kinapigwa na mawimbi na mlingoti unakisukuma. Kwa nini iwe kinyume? Kalafati, yaani pamba ya kuziba nyufa za mbao, ilipigwa Januari, kabla hatujaishusha majini.

#2 Kiti cha Mbele
Natia nanga hapa. Swali zuri hili.

#3 Mpemba Halisi
Kabla hujamwita fundi, onja maji ya ngama. Sicheki. Ndugu yangu alimaliza siku kadhaa akitafuta tundu kwenye chombo, kumbe dumu la maji ya kunywa lilikuwa na ufa kwenye kona na lilikuwa linamwagika taratibu usiku kucha. Kama hayana chumvi, tatizo lako ni la vyombo vya jikoni.

#4 Mkunazi
#3 Mkuu, asante. Yana chumvi, tena chumvi kali. Madumu yetu yalibaki vilevile, tuliyatia alama ya kalamu.

#5 Fundi wa Nungwi
Nimejenga na kukarabati vyombo kwa miaka mingi, nieleze ninavyoona.

Mashua ikiwa na tanga imebanwa. Upepo unailalisha upande mmoja na inabaki hapo, mbao zinakandamizana, pamba imekaa palepale. Ukitia nanga umeondoa ule mkono unaoishikilia. Mkondo wa maji unaivuta huku, upepo unaisukuma kule, matokeo yake inakaa ubavu kwa wimbi na kwenda mrama usiku mzima. Kila ikilala kushoto na kulia, nyufa zinafunguka na kufunga, na kila zikifunguka zinanywa. Mtoni Pangani hakuna wimbi, ndiyo maana haikuvuja.

Halafu swali: hiyo pamba ya Januari ililowekwa kwenye mafuta au iligongwa kavu? Siku hizi vijana wanagonga pamba kavu, wanapaka rangi juu, wanakwambia tayari. Pamba kavu haishiki.

#6 Mkunazi
Fundi, sikuwepo inapogongwa. Nilikuta imekwisha kupakwa rangi. Kuhusu mrama ni kweli kabisa, Maziwe ililala ubavu kwa wimbi hadi sufuria zikawa zinatembea.

#7 Ng'onda
Mrama hauwezi kuwa sababu peke yake. Mchana pia bahari inatikisa. Mimi naona uzito. Nyinyi wawili mchana mmoja yuko msukanini, mwingine anahangaika na foromali (boriti ya tanga) huko omo, mbele, mmegawana. Usiku mnalala wapi? Bila shaka tezi, yaani nyuma, ndiko kuna nafasi. Weka hapo mashine ya kilo karibu 40, dumu la mafuta, na watu wawili. Tezi inazama, na ule mstari wa ubao ambao mchana uko juu ya maji sasa uko chini. Kama pale ndipo kalafati ilipokauka kwa jua, utaamka umelowa.

Hamishia mkeka katikati, usiku mmoja tu, uone.

#8 Kanzu ya Bluu
Mtoni haikuvuja kwa sababu maji ya mto ni mepesi, chombo kinaelea juu zaidi. Jambo dogo hilo.

#9 Dira
#8 Hapana ndugu, ni kinyume. Maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo ndiyo yanayobeba zaidi. Ukiingia maji baridi chombo kinazama kidogo zaidi. Meli kubwa zimechorwa alama ubavuni, na ile yenye herufi F ya maji baridi iko juu kuliko ile ya maji ya chumvi, maana yake zinaruhusiwa kuzama zaidi zikiwa mtoni. Kwa hesabu hiyo mashua ya mleta uzi ingevuja zaidi Pangani. Haikuvuja. Tutafute sababu nyingine.

#10 Kanzu ya Bluu
Nimeelewa. Asante.

#11 Mama Ushongo
Sababu ya Pangani ni tope. Mto ule unashusha udongo mwekundu kutoka bara, hasa mvua zikianza, hadi bahari ya Ushongo inabadilika rangi. Chombo kinachovuja kidogo kikikaa mtoni, lile tope linafyonzwa kwenye nyufa na kuziba. Babu zetu walikuwa wakichukua unga wa mbao, wanauzamisha chini ya chombo karibu na panapovuja, unavutwa na maji na kukwama. Ni kazi ileile, ila Pangani unaipata bure. Na angalieni #1 alivyosema: alipotoka mtoni usiku wa kwanza ilivuja kidogo, kisha ikarudi. Tope lilikuwa linaoshwa.

#12 Fundi wa Nungwi
#11 Mama, unga wa mbao naukubali, nimeutumia. Tope la usiku mmoja mbili sina hakika nalo.

#13 Bi Msukani
Salamu kwenu nyote. Mimi ndiye mke anayetajwa. Nimesoma tangu juu na kuna mambo mawili ya kurekebisha ili mtusaidie kwa ukweli.

La kwanza, hizo "kopo chache" za mchana. Mume wangu akiwa omo anatazama tanga na mbele, mimi nimeshika kana, mti wa usukani, kwa mkono mmoja na kopo la rangi kwa mkono wa pili. Kuanzia Tongoni hadi Kigombe nilifua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, kila nilipoyaona yanang'aa chini ya ubao. Sikuhesabu kwa sababu sikuona ni jambo la kuhesabu, ni kama kufagia. Kwa hiyo mchana inavuja. Tofauti ni kwamba mchana kuna mtu anafua na usiku sote tumelala.

La pili, Pangani hatukulala chomboni. Tulilala Bweni kwa dada yangu, mashua ikabaki nanga peke yake, haina mtu.

#14 Ng'onda
Hamkulala ndani! Basi uzito haukuwepo. Nilisema #7.

#15 Mama Ushongo
Na tope lilikuwepo.

#16 Fundi wa Nungwi
Na wimbi halikuwepo. Sote tunatazama Pangani moja.

#17 Kiti cha Mbele
Mkunazi, shemeji ameibeba kesi yako yote mgongoni. Mpe kopo lake jipya.

#18 Mkunazi
#13 Ni kweli kuhusu Bweni. Lakini hata tukihesabu maji ya mchana, bado ya usiku ni mengi mno. Usingizi wetu wa saa sita hauwezi kuwa sawa na yale anayofua yeye saa sita. Tuliwahi kuyapima kwa ndoo asubuhi moja Maziwe, na mke wangu ni shahidi.

#19 Bi Msukani
Hapo anasema kweli. Ya Maziwe yalikuwa mengi.

#20 Mzee wa Jarari
Vijana, swali la pembeni lakini ni muhimu. Mnawezaje kugeuza tanga watu wawili? Tanga la pembetatu si kazi ya mtu na mkewe, nimeona wanaume wanne wakigombana nalo. Au mlikuwa mnawasha mashine kila mnapotaka kugeuka?

#21 Bi Msukani
Shikamoo mzee. Mashine tuliwasha kuingia mlango wa Pangani tu, kwa ajili ya lile fungu la mchanga mdomoni mwa mto, na tuliingia maji yakiwa yanajaa.

Kugeuza tunafanya hivi. Nasukuma kana hadi upepo unaingia kwa tezi, siharakishi. Yeye analegeza demani, kamba ya tanga, ili tanga lipoteze nguvu, anavuta mguu wa foromali usogee kwenye mlingoti hadi foromali inasimama wima. Anashika demani mkononi, anazunguka nayo mbele ya mlingoti, tanga linapita upande wa pili likiwa limejikunja kama mwavuli uliofungwa. Anahamisha kamba za mlingoti, anafunga. Muda wote huo kazi yangu ni moja, kuizuia mashua isigeuke kabla yake, kwa sababu ikigeuka mapema tanga linamgandamiza kwenye mlingoti. Tunaitana kwa sauti. Mara ya kwanza nilitetemeka, sasa nasikia kamba kabla sijaiona.

#22 Mzee wa Jarari
Marahaba mwanangu. Hiyo ni sahihi. Umenifurahisha.

#23 Ziwa Kuu
Niko Mwanza, huku hakuna kaskazi wala bamvua (maji makubwa ya kujaa na kupwa) lakini mbao na misumari ni vilevile. Kwetu chombo kikivuja bila sababu tunang'oa msumari mmoja mmoja tunatazama. Msumari ukiliwa na kutu unabaki kichwa tu, mwili umeisha, na tundu lake limekuwa mfereji. Wewe umenunua chombo cha mzee, misumari ni ya umri gani?

#24 Muscat kwa Muda
#23 Hoja ya misumari ni nzito. Ndiyo maana wazee wa pande zote mbili za bahari hii walishona vyombo kwa kamba za makumbi. Mtepe wetu haukuwa na msumari. Huku Omani walijenga chombo cha kushonwa namna hiyo, Jewel of Muscat, kikasafiri hadi Singapore mwaka 2010, kwa tanga, bila msumari hata mmoja mwilini. Na Unguja kulikuwa na mtepe uliojengwa ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, kabla sehemu ya jumba lile haijaporomoka Desemba 2020. Mimi niliuona nikiwa mwanafunzi nikasimama mbele yake muda mrefu.

#25 Ng'onda
Vyombo vya kushonwa vilikuwa vinavuja kuliko vyote, mkuu. Kulikuwa na watu kazi yao kufua tu.

#26 Muscat kwa Muda
Sikusema havivuji. Nimesema havina msumari wa kuoza.

#27 Shela Kwetu
Kuna mtu atakuja kusema ajenge kwa plastiki, nimtangulie. Flipflopi ilijengwa hapa kwetu Lamu kwa taka za plastiki, ikashushwa 2018, na mwanzoni mwa 2019 ikaenda hadi Unguja. Nilikuwepo inaondoka. Lakini ni ubao kwa ubao na taruma kwa taruma kama jahazi lolote, plastiki haikuondoa maungio. Penye maungio pana maji.

#28 Nesi wa Zamu
Mimi nataka kuuliza ya maisha. Dada Bi Msukani, choo? Na kupika mnapikaje upepo ukivuma? Mume wangu anataka tufanye hivyo Mafia na mimi sijakubali.

#29 Bi Msukani
Dada, tuzungumze kama watu wazima. Choo ni ndoo yenye mfuniko unaobana, na kanga mbili zimefungwa kwenye fito kule tezi, pazia. Ndoo ina maji ya bahari kidogo chini kabla hujatumia. Mume wako anageukia mbele, haulizi, hazungumzi. Tukiwa karibu na ufukwe wenye watu hatumwagi humo majini, tunasubiri tutoke nje.

Kupika: debe la mafuta limekatwa nusu, limejazwa mchanga, jiko la mkaa limezikwa humo hadi shingoni. Linakaa chini nyuma ya mlingoti, upande usiopigwa na upepo. Sipiki tukiwa tunatembea, isipokuwa chai. Nikishatia nanga naweka wali wa nazi, nazi nimeikuna nyumbani nikagandisha kwenye chupa kwa siku ya kwanza, baadaye nakuna humohumo. Samaki tunanunua kwa wavuvi wanaorudi, tasi au changu, ndimu na chumvi, juu ya makaa. Jioni ya Kigombe walitupa pweza bila bei kwa sababu mashua waliitambua, ni ya mzee wao. Ubaridi wa alfajiri baharini unashangaza, beba shuka zito. Na tangawizi mbichi ya kutafuna, bahari ikikulevya.

Kulala: turubai linatupwa juu ya foromali iliyoshushwa, linakuwa kibanda, chandarua ndani. Ukiondoa suala la mkeka kulowa, nililala vizuri kuliko nyumbani. Hakuna mtu anayebisha hodi.

#30 Nesi wa Zamu
Asante sana dada. Hilo la hodi limenishawishi.

#31 Kanzu ya Bluu
Usalama je? Mnakumbuka wale mume na mke Waingereza wa boti Lynn Rival, walitekwa na maharamia wa Kisomali Oktoba 2009 wakitoka Shelisheli kuja huku kwetu Tanzania, wakashikiliwa zaidi ya mwaka. Nao walikuwa wawili tu wakiishi botini.

#32 Dira
#31 Ile ni bahari kuu, na miaka ile hali ilikuwa mbaya. Mleta uzi alikuwa ndani ya miamba, nchi kavu anaiona. Hatari yake ni nyingine kabisa: kupwelewa juu ya mwamba, dhoruba ya mvua za masika, na kuanguka majini usiku mwenzako akiwa amelala. Mlivaa majaketi okozi?

#33 Mkunazi
Mchana tulivaa, usiku tulifunga kamba kiunoni tukienda tezi. Kila asubuhi tulisoma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na kila diko tulilotoka tuliwaambia watu wa BMU (kikundi cha usimamizi wa fukwe) tunaelekea wapi na tutarajiwe lini. Maziwe tulilipa ada ya hifadhi na kuomba ruhusa.

#34 Mama Ushongo
Mlivyotaja Maziwe moyo umeuma. Wazazi wangu waliijua ikiwa kisiwa chenye mivinje, na kasa wakipanda kutaga. Ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na miaka michache baadaye miti ikawa imekwisha, ardhi ikaliwa na bahari. Sasa ni mchanga mtupu, maji makubwa yakijaa unafunikwa wote. Kasa bado wanakuja, hawajui. Mayai yanachukuliwa na kuzikwa upya huku kwetu Ushongo ili yasizame. Mkipita tena msiwashe taa kali usiku.

#35 Bi Msukani
Hatutawasha. Tuliona mburuzo mmoja alfajiri, nyayo za kasa zimepanda na kushuka. Tulikaa mbali.

#36 Dira
Narudi kwenye mvujo, kuna kitu kimenijia na hakuna aliyekisema.

Mkunazi, ulishuka kusini kwa kaskazi. Upepo unatoka kaskazini mashariki, unakwenda kusini, kwa hiyo unakupiga ubavu wa kushoto, nyuma kidogo. Mashua inalalia kulia. Ukarudi kaskazini, na nadhani ulikuwa ukitumia umande wa asubuhi, sivyo? Umande unatoka nchi kavu, magharibi. Ukielekea kaskazini magharibi ni kushoto kwako. Tena unapigwa kushoto, tena unalalia kulia.

Yaani kwenda na kurudi, ubavu wa kushoto ulikuwa goshini, umeinuliwa juu ya maji. Kama una ufa kwenye ubavu wa kushoto karibu na mstari wa maji, mchana kutwa ulikuwa hewani, tena unapigwa jua na kukauka. Usiku umetia nanga, mashua imekaa sawa, ufa umezama. Hiyo ndiyo siri ya usiku na mchana.

#37 Mkunazi
Dira, umenifanya nisimame kwenye kiti. Ni umande kweli, tulikuwa tunang'oa nanga kabla ya jua na kutia nanga upepo ukigeuka mchana.

#38 Ng'onda
Nzuri sana hiyo, lakini Pangani mashua ilikaa sawa vilevile na haikuvuja.

#39 Dira
Pangani haikuwa na mtu ndani, ilielea juu kidogo. Kwa hiyo nakubali nusu ya uzito wako. Nusu tu.

#40 Ng'onda
Naipokea nusu.

#41 Fundi wa Nungwi
Dira ameongea kama mtu aliyeshika usukani. Lakini maneno hayazibi ufa. Fanya hivi. Subiri bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpya au mpevu. Huko Tanga maji yanashuka zaidi ya mita 3, mashua itakaa juu ya mchanga kavu kabisa. Ikikauka, usitafute ufa kwa macho. Mimina maji ndani ya ngama, ndoo kadhaa, kisha shuka utazame nje yanatokea wapi. Panapotoka ndipo panapoingia. Ukipaona, piga alama ya mkaa.

Kisha choma tumbo la chombo kwa makuti makavu, moto wa kupita tu, uue wale wadudu wanaotafuna mbao. Hakuna aliyewataja hapa na ndio wanaomaliza vyombo vya mwembe. Nje unaona tundu kama la sindano, ndani wamefanya handaki.

#42 Ziwa Kuu
Na misumari atazame.

#43 Mkunazi
Nitafanya bamvua ya wiki hii. Nitaleta majibu.

#44 Kiti cha Mbele
Tunasubiri. Wakati huo, hivi Kigombe si ndiko wale silikanti wanavuliwa?

#45 Mpemba Halisi
Maji ya Tanga kwa ujumla, Kigombe ikiwemo. Walianza kunaswa kwenye majarife ya kina kirefu mwaka 2004 hivi, na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ikatangazwa 2009. Samaki ambaye wataalamu walidhani ameisha duniani hadi alipopatikana Afrika Kusini 1938. Haliliki, tusiharibu uzi.

#46 Mkunazi
Wakuu, nimerudi. Jana maji yalipwa vizuri, mashua ikakaa mchangani, ikalala yenyewe. Tulimimina ndoo za maji ndani, mke wangu juu, mimi chini na mkaa mkononi.

Yametoka mahali pawili. Kwanza kwenye vyuma vya msukani, pale bolti ya chini inapoingia kwenye mbao, yanachuruzika kama bomba lisilofungwa vizuri. Pili kwenye ufa kati ya ubao wa tatu na wa nne kutoka mkukuni (uti wa chini wa chombo), karibu na tezi, yanatoka matone matone kwa urefu wa mkono mmoja. Nilichokonoa pamba kwa msumari ikatoka nyeupe, kavu, kama imetoka dukani. Misumari mitatu niliyong'oa ina kutu lakini ina mwili bado.

#47 Fundi wa Nungwi
Pamba nyeupe. Nilijua. Sina la kuongeza kuhusu huyo aliyeigonga.

#48 Ng'onda
Zote mbili ziko tezi! Mahali penu pa kulala. Uzito.

#49 Mzee wa Jarari
Vyuma vya msukani vinavuja chombo kikiwa nanga kwa sababu msukani haukufungwa, unapigapiga kushoto kulia na kulegeza bolti. Ukiwa safarini kuna mkono umeushika. Mwanangu Bi Msukani, usiku mlifunga kana?

#50 Bi Msukani
Hatukuifunga, mzee. Ilikuwa inagonga usiku kucha, nikadhani ndivyo vyombo vilivyo.

#51 Mzee wa Jarari
Ifungeni kwa kamba pande mbili. Hata kama si sababu, mtalala.

#52 Dira
Mkunazi, mashua ililala upande gani ilipokaa mchangani?

#53 Mkunazi
Kulia.

#54 Dira
Basi maji yote uliyomimina yalikusanyika kulia. Ubavu wa kushoto haujajaribiwa kabisa. Huo ufa wa ubao wa tatu uko kulia?

#55 Mkunazi
Uko kulia. Na mchana ubavu huo ndio uliokuwa umezama, kwa hiyo huo unaeleza maji anayofua mke wangu safarini, si ya usiku.

#56 Mama Ushongo
Na rangi ya hilo tope kwenye ufa? Ulipochokonoa pamba, hakukuwa na udongo mwekundu?

#57 Mkunazi
Mama, kulikuwa na uchafu kidogo wa kahawia juu ya pamba. Sikuutilia maanani, nimekwisha kuufuta.

#58 Mama Ushongo
Ungeniwekea picha.

#59 Fundi wa Nungwi
Kalafati yote ing'olewe, pande zote mbili, igongwe upya kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Chini paka deheni ya chokaa na shahamu, achana na rangi tupu. Bolti ya msukani itolewe, izungushiwe pamba, irudishwe. Usiipige viraka.

#60 Bi Msukani
Fundi, tutafanya hivyo, lakini kabla ya kung'oa chochote bamvua ijayo tunailaza kushoto kwa magogo na kumimina tena. Nataka nijue. Aliye Tanga na magogo mawili ya mnazi ya kutuazima aniandikie pembeni, tutamletea samaki. Na je, kuna anayejua pamba ya kalafati inapatikana duka gani Tanga mjini siku hizi, au ni hadi Unguja?